Pumzi ya Nani

Mimi si mtu wa kununua kitu bila kukigeuza. Hata nyanya naibonyeza kwanza, muuzaji akitaka anune. Kwa hiyo jioni ile nilipotoka nyumbani Ujiji kwenda kutafuta jenereta, nilijiona mjanja kuliko wauzaji wote wa Kigoma.

Kazi yangu ni kuwapeleka wageni kulala kwenye mahema ufukweni, kule kuelekea Gombe. Wageni wanataka kuchaji simu na kamera zao, lakini hawataki makelele. Ingekuwa ni wao tu ningevumilia. Shida yangu ilikuwa mke wangu. Mapafu ya Evaline yaliharibika alipougua mwaka juzi, na tangu hapo anaishi kwa mashine ya oksijeni iliyowekwa pembeni ya kitanda. Umeme ukikatika tunamhamishia kwenye mtungi mdogo wa akiba. Mtungi ukiisha... basi. Wiki ile umeme ulikuwa unakatika karibu kila jioni, na mtungi ulikuwa unaelekea mwisho.

Rafiki yangu Feliksi, fundi wa umeme na injini ndogo, alikuwa amenipa somo zima.

"Castory, usichukue jenereta ya kawaida. Umeme wake unarukaruka, utaunguza mashine ya shemeji. Chukua ya inveta, umeme wake umetulia. Na usidanganywe na namba kubwa ya kwenye boksi, hiyo ni nguvu ya kuwashia tu. Uliza inabeba kiasi gani mfululizo. Halafu iwashe palepale uisikilize."

Nilifika sokoni Mwanga, hapahapa mjini, nikakuta maduka yanafungwa. Duka moja lilikuwa na inveta, lakini kubwa, ya kubebwa na watu wawili. Nitapanda nayo boti vipi? Kijana mmoja akaniambia kwenye mwalo wa Kibirizi huwa zinapatikana zilizotumika, zinavuka ziwa kutoka ng'ambo. Nikapanda bodaboda.

Kibirizi giza lilikuwa limeanza kuingia. Boti za dagaa zilikuwa zimeshaondoka, taa zake zinaonekana mbali majini. Wabebaji wameondoka, wauzaji wamefunika mizigo yao. Nikapita katikati ya vichanja vya kuanikia nikiziba pua, maana harufu ya dagaa mimi haijawahi kunizoea wala mimi sijaizoea. Mwishoni kabisa, mahali ambapo sikumbuki kuona kibanda, balbu moja ilikuwa inawaka.

Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti, kitenge kimefunika hadi kichwani. Mbele yake turubai.

"Mwiriwe," akasema. Nikajua ni mtu wa Burundi.

"Mwiriwe neza, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unataka ya kelele ama ya kimya?"

Sikuwa nimemwambia natafuta nini.

Nikajiambia, mtu anayefika kwenye vibanda vya jenereta jioni atakuwa anatafuta nini, vitunguu? Nikachuchumaa. Akafunua turubai.

Ya kwanza ilikuwa ya fremu tupu. Alipoiwasha ilinguruma kama mashine ya kusaga, na balbu aliyoichomeka ikawa inapepesa. Nikatikisa kichwa. Ya pili ilikuwa ya njano, imefunikwa vizuri, ubavuni imeandikwa namba ya kutisha. Nikamuuliza inabeba kiasi gani mfululizo. Akatabasamu tu. Nikaiinua kidogo, mgongo ukalia. Hapana.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, ndogo, ina mpini juu kama sanduku la safari. Pale panapokaa jina pamekwanguliwa. Nikaibeba kwa mkono mmoja. Nikaigeuza. Nikafungua mfuniko wa tangi, nikanusa.

Kukavu. Hata harufu ya petroli hakuna.

"Haina mafuta hii, mama. Tutaijaribu vipi?"

"Mafuta si neno. Kwanza ipate pumzi."

Hilo nililielewa. Kwenye mfuniko wa tangi wa mashine hizi kuna kiswichi kidogo cha kuingiza hewa. Usipokifungua injini inajifia njiani. Mafundi wote wanakiita pumzi. Fungua pumzi, funga pumzi. Nikafurahi, nikaona huyu anajua kazi.

Akaweka vidole vyake juu ya kile kiswichi. Vidole virefu, vimekauka. Hakukigeuza.

"Pumzi nifungue ya nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni Kiswahili chake kimepinda kidogo. Nilidhani anataka kujua mashine ni ya nani, ya biashara au ya nyumbani.

"Ya mke wangu," nikasema.

"Ya nani?"

"Ya Evaline."

Balbu ikafifia. Upepo wa ziwani ukasimama ghafla, hata harufu ya dagaa ikakata.

"Umesema mwenyewe," akanong'ona.

"Nimesema mwenyewe, mama. Fungua basi, nimechelewa."

Akageuza.

Fff...

Kitu kikapumua. Sina neno lingine la kukieleza. Na harufu iliyonijia puani haikuwa ya petroli wala ya oili. Ilikuwa ya mchaichai. Nikafikiri kuna mtu anachemsha chai karibu.

Akavuta kamba polepole, kama mtu anayevuta uzi wa nguo. Mashine ikawaka. Sikusikia chochote, nilijua tu kwa sababu nilipoigusa ilikuwa inatetemeka, na balbu ilikuwa imetulia tuli. Nikasema moyoni, hii ndiyo yenyewe. Feliksi atanivulia kofia! Nikalipa nikaondoka na dereva wangu wa bodaboda aliyekuwa ananingoja, mashine nimeipakata mapajani, hata kuizima nimesahau, nimejaa furaha ya kijinga.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Evaline alikuwa kwenye mtungi, na mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Nikaiweka jenereta nje chini ya dirisha, mbali na mlango, maana moshi wake ukiingia ndani unaua. Nikapitisha waya, nikauchomeka. Mashine ya oksijeni ikalia pii, maji kwenye kichupa chake yakaanza kutoa viputo.

Evaline akafumba macho, akapumua. Baada ya muda akaniuliza, "Baba Geno, mbona siisikii?"

Geno ni binti yetu Genoveva, yuko shule ya bweni.

"Ndiyo uzuri wake," nikajibu kwa maringo.

Akacheka. Na alipocheka, taa ya chumbani iliongezeka mwanga kidogo, halafu ikarudi.

Hapo ndipo nilipokumbuka petroli. Sikuwa nimeweka hata tone. Nikachukua tochi na kidumu nikatoka mbio kabla haijazimika. Nikafungua tangi nikamulika ndani.

Kukavu.

Na mashine inatetemeka, inafanya kazi. Nikapeleka kiganja kwenye bomba la moshi. Jenereta yoyote inatoa moshi mfululizo. Hii haikuwa hivyo. Kilitoka kijoto chenye unyevu kikanigusa kiganja... kikaacha. Kikatoka... kikaacha. Na ile harufu. Mchaichai. Mke wangu hanywi chai nyingine.

Nikasogeza sikio dirishani. Evaline alikuwa anapumua. Akitoa pumzi, kiganja changu kinapata joto. Akivuta, kinapoa.

Nikauvuta mkono.

Umeme ukarudi. Nyumba za jirani zikawaka, watoto wakashangilia. Nikamshukuru Mungu. Nikabadilisha waya haraka, mashine ya oksijeni ikaingia kwenye umeme wa ukutani, nikatoka nje na kuizima ile mashine ya laana. Nikarudi ndani nikifuta jasho.

Viputo vilikuwa vinatoka. Mashine inafanya kazi. Mrija uko puani mwa mke wangu vizuri kabisa.

Kifua chake hakikuwa kinapanda.

"Evaline?"

Macho yalikuwa wazi. Yalikuwa yananitazama mimi. Nikamtikisa, nikamwita, nikamwinua, kichwa kikaangukia begani kwangu. Lakini macho yanatazama! Sijui niliruka vipi hadi nje. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta. Kimya. Nikavuta huku nalia kwa sauti mtu mzima mie, namwomba Mungu na naiomba mashine, sijui nani alisikia. Ikatetemeka.

Dirishani nikasikia mke wangu anavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini.

Nilipomfikia alinishika shati. Aliongea kwa kunong'ona, "Nilikuwa nakuona, Baba Geno... Nilikuwa nakuona tu."

Asubuhi nilimwita jirani akae naye, nikamwapisha asiiguse ile mashine, nikaenda Kibirizi. Palepale mwishoni, hapakuwa na kibanda wala kreti. Palikuwa na dagaa wameanikwa, na mama mmoja mnene anawageuza kwa fagio. Akajitambulisha kwa jina la Honorata.

"Hapa? Hapa naanika mimi, mwanangu. Jana nimeondoka hapa jua likizama."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye vidole virefu, fagio likasimama.

"Alikuuliza ya nani?"

"Ndiyo."

"Ukamtajia mtu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akashika mdomo kwa kiganja. "Ee Mana wanje, Mungu wangu... Ungemwambia ni yake mwenyewe. Sisi huku tukiulizwa hivyo kwenye giza, tunasema ni yako mwenyewe, tunaondoka."

"Sasa nifanyeje, mama? Ni nani yule?"

"Simjui. Kuna wanaosema mume wake alizama na jenereta ya taa za dagaa, naye akamngoja hapa mpaka akafa. Wengine wanasema hakuwahi kuwa mtu. Mimi naanika dagaa tu." Akatazama majini. "Kama inawaka, usiizime."

Hiyo ndiyo dawa pekee niliyoipata. Nilikwenda kwa padri, akaja akanyunyiza maji ya baraka, mashine ikaendelea kutetemeka. Nilikwenda kwa mganga wa kule Mwandiga, akaiona kwenye picha ya simu, akaniambia nirudi nyumbani, na hakutaka hata soda yangu. Nikaijengea kibanda cha bati chini ya dirisha mvua isiinyeshee. Wageni wa mahema nikawaachia wenzangu. Nitalala ufukweni vipi?

Cha ajabu, Evaline akanawiri. Mashine ya oksijeni tukaiweka stoo. Akawa anapika, anaimba, anatembea hadi mwisho wa waya usioonekana, yaani hadi kwenye ua, akivuka geti anaanza kuhema anarudi. Akiimba, nje mashine inapandisha mzunguko. Akilala, inashuka. Majirani wakasema namtunza vizuri mke wangu. Mimi nikawa siwezi kula.

Halafu mashine ikaanza kutoa moshi wa bluu.

Nilimwita Feliksi. Sikumwambia neno, nilisema tu aitazame bila kuizima. Akachuchumaa mchana ule na mfuko wake wa spana, akanusa, akasikiliza, akanipongeza kwa chaguo langu. Halafu akakunja uso.

"Inakula oili. Ring za pistoni zimekwisha. Imefanya kazi bila kupumzika hii, eeh? Izime niifungue, ni kazi ya nusu siku tu."

"Itengeneze ikiwa inawaka."

"Castory, umelewa? Injini haifunguliwi ikiwa inawaka."

"Hata kuongeza oili?"

"Hata oili. Nikifungua pale itaturukia yote, ijifie kabisa." Akanyoosha mkono kwenye swichi. Nikamdaka kifundo cha mkono, nikambana hadi akaguna. Akanitazama. Kisha, sijui kwa nini, akashusha mkono wake mbele ya bomba la moshi. Akauacha hapo kwa muda. Ndani Evaline alikuwa anaimba wimbo wa kwaya, na niliona uso wa rafiki yangu unavyobadilika kufuatana na ule wimbo.

Akafanya ishara ya msalaba. Akaanza kurudisha spana mfukoni, moja moja.

"Feliksi. Itachukua muda gani?"

"Mimi natengeneza mashine, Castory," akasema. "Usiniulize mimi." Akaenda zake bila kuaga.

Nikasimama pale nikitazama moshi wa bluu unavyopanda ukutani. Ndani wimbo ukakoma. Nikaingia. Evaline alikuwa amekaa kitandani, anakunja nguo za Geno za likizo.

"Fundi amesemaje?"

"Amesema ni nzima. Vumbi tu."

Akaendelea kukunja. Akamaliza gauni moja, akaliweka juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja.

"Baba Geno, mimi naisikia kwa ndani," akasema taratibu. "Usinifiche."

 Nikakaa karibu yake nikamshika mkono. Nje, mashine ikasita, na vidole vyake vikanibana kwa nguvu zote.

Halafu ikaendelea.