Samaki wa Maji ya Dawa

Walikutana kwa kugombea sato. Ilikuwa sokoni Musoma, saa nne asubuhi, watu wamebanana mbele ya meza za samaki hadi huoni unakanyaga nini. Gaudensia alikuwa bado na sare yake nyeupe ya unesi, kitenge cha njano amekifunga kiunoni isije ikachafuka, macho mazito kwa zamu aliyotoka nayo. Alimshika sato mkiani. Mkono mwingine ukamshika kichwani.

“Dada, huyu wangu.”

“Wako, umemzaa wewe?”

Mwanamume akacheka. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu yenye mabaka ya girisi, ndevu zimechongwa vizuri kama za bwana harusi.

“Sijamzaa, ila nimeshamlipia. Muulize mama hapa.”

Mama muuza samaki akaitikia kwa kichwa. Gaudensia akamwachia yule sato, na palepale machozi yakamlengalenga. Kwa ajili ya samaki! Uchovu ukizidi, jamani, mtu anaweza kulia hata kwa kukosa kitunguu.

“Haya, mchukue,” yule mwanamume akasema haraka. “Mimi nyumbani sina hata wa kunikaangia.”

“Nani amekuuliza habari za nyumbani kwako?”

“Hakuna. Nimejisemea tu.”

Ndivyo Chrispin, fundi friji wa Bunda, alivyoingia katika maisha ya Gaudensia, nesi wa zahanati moja pale Kiabakari. Kwa miezi minane simu haikupoa.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula.”

“Umekula nini?”

“Uchovu.”

“Huo nao mnaulaga na ugali huko?”

Gaudensia akawa anacheka peke yake mbele ya foleni ya wagonjwa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Wanaume wawili walishamwambia watakuja kujitambulisha kwao, na wote wawili wakapotelea njiani. Alikuwa amechoka kungoja, na alichoka zaidi kujifanya hangoji.

Huyu wa sasa alikuwa tofauti, ila alikuwa na binti. Lucy, miaka saba, aliishi Murangi kwa bibi mzaa mama tangu mama yake, Tereza, afariki. Na bibi alikuwa ameshasema neno lake: mtoto akimpenda huyo mwanamke, atamruhusu aje akae nao na ndoa ifungwe kwa baraka zake. Akimkataa, Chrispin atafute mwingine. Basi Lucy angeletwa Kiabakari Jumamosi, amwone.

Chrispin akanunua samaki wa mapambo Musoma, mdogo, rangi ya chungwa, pamoja na bakuli lake la kioo, akampelekea Gaudensia Jumatatu.

“Huko Murangi Lucy anawajua wa kukaanga tu. Huyu utampa kama zawadi kutoka kwako.”

Wakampigia Lucy simu ya video. Mtoto akamtazama yule samaki kwa muda mrefu, wala hakutabasamu.

“Anaitwa Bosi,” akasema mwishowe. Gaudensia akajiona ameshavuka nusu ya mto.

Jumatano alfajiri, kabla ya kwenda kazini, aliona maji ya Bosi yameanza kuwa na ukungu. Hapo ndipo unesi ulipomponza. Kata nzima ilimjua Gaudensia kwa vidonge vya kutibu maji. Haingii kwa mtu bila kuuliza, “Haya maji mmeyatibu?” Hata chai ya padri aliwahi kuiulizia, na padri akajibu kwa upole kwamba imechemka. Sasa angempa mgeni wake maji ya hivihivi? Akatumbukiza kidonge kwenye ndoo, akangoja nusu saa kama anavyofundisha, akamwaga maji ya zamani, akammiminia Bosi maji safi kuliko yote mle ndani.

Alipomaliza kupiga pasi sare, Bosi alikuwa anaelea ubavu.

“Chrispin,” akasema kwenye simu, “samaki amekufa.”

“Amekufa? Umemfanya nini?”

“Nimembadilishia maji tu. Nimeyatibu mwenyewe, na kidonge.”

“Gauda. Si ndiyo ile dawa ya kuua vijidudu?”

“Unanifundisha mimi? Nimeifundisha kata nzima!”

“Na samaki je?”

Gaudensia akakaa chini sakafuni na sare yake iliyotoka kupigwa pasi. Hakuwa na nguvu za kujitetea.

“Yesu na Maria. Nimemuua.” Akavuta pumzi. “Basi, Jumamosi nitamwambia Lucy mwenyewe. Nitamwomba msamaha.”

“Usithubutu!” Sauti ile hakuwahi kuisikia kwake. “Usimtajie mtoto wangu habari za kufa. Umenielewa?”

“Mtoto wako. Haya. Nimeelewa.”

Akakata. Siku tatu Chrispin alipiga, hakupokea. Akaandika, “Mpenzi, pokea basi,” hakujibu. Aliwachoma watoto sindano, akapima mapigo ya wazee, na neno lile likawa linamzunguka kichwani: mtoto wangu. Kumbe yeye ni mtu wa nje tu, tena anayeua. Jumamosi ilipofika hakupika wala hakusuka nywele. Alijua hawaji.

Walikuja. Saa nane mchana akafungua mlango, akamkuta Chrispin na shati la mistari lililonyooka, na Lucy na gauni lake jekundu la kanisani, ameshika kwa mikono miwili mfuko wa nailoni uliojaa maji. Ndani yake kulikuwa na samaki wa rangi ya chungwa.

“Karibuni,” Gaudensia akasema, ameduwaa.

“Shikamoo, anti.”

“Marahaba, mama.”

“Bosi huyu hapa,” Chrispin akasema kwa uchangamfu wa kulazimisha, huku macho yanamwomba Gaudensia anyamaze. “Nilikuwa nimempeleka Bunda kutembea kidogo.”

Lucy akauweka mfuko mezani.

“Baba, nimekwambia njia nzima. Huyu siye Bosi.”

“Ndiye, mama.”

“Siye. Bosi alikuwa na doa jeupe mkiani.”

Masikini Chrispin! Yeye kwao ni kijiji cha Buswahili, kwa watu wa mahindi na mihogo, akadhani samaki wote wa rangi ya chungwa ni mmoja. Akataka kumdanganya mtoto wa Murangi, kando ya ziwa, habari za samaki.

“Bosi yuko wapi?”

“Ame… amesafiri.”

Lucy akamwangalia baba yake. “Kama mama?”

Ndipo Gaudensia akaelewa: mtoto hajui kwamba mama yake amekufa. Miaka miwili! Mtoto alipelekwa Murangi asione mazishi, akaambiwa mama ameenda Dar es Salaam, na kila mtu mzima tangu siku hiyo akausogeza uongo mbele kidogo. Na yeye hakuwa ameambiwa. Ile hasira ya kwenye simu, kumbe ilikuwa hofu.

Chrispin alitikisa kichwa: usiseme. Gaudensia akamwona, akachuchumaa mbele ya mtoto.

“Lucy, Bosi hakusafiri. Amekufa Jumatano. Nilimwekea maji yenye dawa, sikujua kwamba itamdhuru. Ni kosa langu. Nisamehe.”

“Mlimla?”

“Hapana. Nimemzika nyuma ya jiko.”

Lucy akafikiri. Kisha akamgeukia baba yake, akauliza polepole kama mtu anayejua jibu tayari.

“Baba, na mama?”

Chrispin akapiga magoti na suruali yake safi.

“Mama alikufa, Lucy. Amezikwa Buswahili, kwa babu. Nilipaswa kukwambia tangu zamani.”

Mtoto alilia amesimama, gauni lake jekundu likitetemeka, akampiga baba yake ngumi za kifuani hadi akachoka, kisha akaanguka mapajani mwa Gaudensia kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Wakakaa hivyo wote watatu sakafuni.

“Ungeniambia mimi, Chris.”

“Niliogopa. Halafu nikauzoea uongo.” Alijifuta macho kwa mkono wa shati. “Nimechoka, Gauda.”

“Najua. Hata mimi.”

Lucy akainua uso. “Kesho nataka kwenda kwa mama.” Akavuta kamasi. “Na anti aje.”

Chrispin akamtazama Gaudensia. Naye akachukua simu, akampigia Euphrasia, nesi mwenzake.

“Euphra, kesho nishikie zamu.”

“Heee, kwema?”

“Si kwema. Tumefiwa.”

“Pole sana, dada! Nani tena?”

“Mama yake Lucy.”

“Jamani! Amefariki lini?”

“Miaka miwili iliyopita,” Gaudensia akasema, mkono wake kichwani kwa mtoto. “Ila habari tumepata leo.”