Ukuta Mweupe wa Nangara

Foleni ya sabuni mjini Babati, mwaka 1983, ilikuwa ya mawe. Uliweka jiwe lako alfajiri mbele ya duka la ushirika, ukaenda shamba, ukarudi kusimama pale lilipofika. Ursula, ndani ya gauni lake la pekee la buluu, alirudi akamkuta kijana mrefu amelikalia la kwake.

"Kaka, jiwe hilo lina mwenyewe."

"Nalilinda, dada. Zuri kama mwenyewe."

Ursula alicheka, jambo ambalo watu wa foleni walikuwa wameshalisahau. Kijana aliitwa Herieli, fundi rangi wa kijiji cha Bonga.

"Rangi gani siku hizi? Dukani haipo hata ya kunusa."

"Nionyeshe nyumba yenu, utaiona."

Nyumba yao huko Nangara ilikuwa ya matofali ya udongo, imemomonyoka upande wa mvua, na madirisha yameingiwa na mchwa. "Masika mawili tu, mama, itaanguka," Herieli alimwambia Mama Ursula, mjane, baada ya kumwamkia. "Ukuta ukiuvalisha koti, mvua inakula koti kwanza."

Alipaka siku nne: madirisha kwa oili chafu ya gereji, kuta kwa rangi nyeupe aliyokuja nayo imeshakorogwa kwenye debe. Ursula alimshikia ngazi, na siku ya nne akamshika na mkono.

"Umeitoa wapi, mpenzi?"

"Siri ya fundi. Nikikwambia utaniacha."

Wiki iliyofuata redio ilitangaza msako wa wahujumu uchumi. Watu, kwa kuogopa kukutwa na bidhaa za magendo, walitupa vitenge na sabuni mtoni. Lakini nyumba nyeupe utaificha wapi? Ilionekana tangu barabarani, na majirani walianza kuuliza. Ursula aliogopa mpaka chakula kikamshinda.

"Herieli, ni ya magendo?"

"Yaani mimi mlanguzi?"

"Mama atafungwa! Ondoka, usionekane hapa."

Herieli alichukua debe lake akaondoka, kwa kiburi cha kijinga.

Jumanne asubuhi walikuja mgambo watatu. Walipekua uvunguni, wakamwaga mahindi.

"Nani kawauzia rangi?" aliuliza mkubwa wao.

Mama alimtazama binti yake. Jina moja tu lingemwokoa mama na kumpeleka Herieli jela. Ursula akaegemea ukuta, mdomo kaufunga.

"Basi tangulieni garini, wote wawili!"

Ursula aligeuka. Mgambo mmoja akaguna: mgongo mzima wa gauni la buluu ulikuwa mweupe. Mkubwa alisugua ukuta kwa kidole, akanusa.

"Chokaa ya mawe! Haina hata chumvi ya kuishikiza. Rangi ya dukani haitoki hivi."

Waliondoka wakicheka. Ursula alikaa chini akalia, kisha akaenda Bonga kwa miguu, gauni vilevile.

Herieli alikuwa akichoma mawe ya chokaa nyuma ya nyumba yao. Ursula alimgeuzia ule mgongo mweupe, akamsimulia habari ya mgambo.

"Chumvi ningeitoa wapi, Ursula? Ningeipata, mngekuwa ndani sasa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu. Ulidhani nina rangi ya kweli, ukaniona mtu."

"Nilikuona mtu tangu kwenye jiwe. Sikukutaja, Herieli. Nilikuwa nakufa kwa woga, na sikukutaja."

Herieli alimfuta machozi kwa kiganja, akamwachia mstari mweupe shavuni.

"Chokaa inarudiwa kila mwaka. Nikija utanifukuza tena?"

Lori likapita barabara ya Dodoma. Walishikana mpaka mlio ukapotea.

"Njoo na baba yako," alisema Ursula. "Siri uziache hukuhuku."