Nilitunza Siri ya Marehemu, Mwanawe Akakosa Chanjo

Ndugu wasomaji, nina miaka hamsini na tatu, mjane, mkaazi wa Kikwajuni. Kazi yangu huwatisha wengi: naosha maiti za wanawake. Mwosha maiti ana amana moja kubwa... alichokiona kwenye mwili wa marehemu hakisemi. Nimeishika amana hiyo tangu ujanani, na ndiyo iliyoniponza!

Mdogo wangu Mwanakheri aliugua muda mrefu. Majirani waliambiwa ni vidonda vya tumbo. Lakini mimi ndiye niliyemfulia nguo zake za damu, na daktari alitutajia sisi wawili tu: saratani ya shingo ya kizazi. Mwanakheri aliona haya. Alihofu watu watasema ni maradhi ya wanawake wahuni, na yeye maskini hakumjua mwanamume ghairi ya mumewe! Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Alipofariki nilimwosha mwenyewe, nikamvisha sanda, nikabaki na siri yake na mwanawe, Rukia.

Rukia alipofika miaka kumi na minne, shuleni kwao ikaja chanjo ya wasichana, ya kuwakinga na saratani ile ile. Bila ya malipo! Machozi ya furaha yalinilenga. Lakini shangazi yake, Bi Salama, akaja mbio, buibui limemkaa upande.

"Haguswi mtoto wetu! Sindano hizo zinafunga vizazi. Mie nshasema!"

Nikampigia simu baba yake Rukia, aliyekuwa Kidichi kwenye mashamba ya viungo. Akanijibu kwamba atakalosema dada yake ndilo.

Ningesema tu kwamba Mwanakheri kauliwa na maradhi hayo, Bi Salama angenywea. Neno likanifika kooni... nikalimeza. Ningemsaliti vipi maiti?

Siku ya chanjo Rukia alibaki nyumbani. Wenzake wakapita dirishani wakitaniana nani kalia. Yeye akacheka, akanibusu shavuni.

"Ahsante mama mkubwa, nimeponea sindano!"

Ee Mola wangu! Busu lile linaniunguza hadi leo.

Mwalimu wake akaja nyumbani kwa upole wake, akaniambia wahudumu wa afya watarudi wiki ijayo kwa ajili ya waliokosa, na kwamba Rukia karibu atavuka umri wa mpango ule. Nikamkaribisha chai, nikamzungusha kwa maneno. Wiki ikaja, ikapita.

Mwaka uliofuata Bi Salama akaniita kwake Mpendae. Nilipofungua mlango wa chumba chake, harufu ikanipokea. Naijua harufu ile, ndiyo ya chumba cha Mwanakheri!

"Hospitali wameshanambia jina la maradhi yangu," alisema. "Na Mwanakheri lilikuwa hili hili?"

Nilimshika mkono, naye akaelewa. Akalia, jamani, akalia!

"Ungenambia! Ningempeleka Rukia kwa mkono wangu mwenyewe! Basi mie usinifiche. Ukishanosha, sema."

Nilimwosha. Siku ya khitma, nyumba imejaa wanawake, nilisimama, nikataja maradhi yaliyomuua, kwa idhini yake. Kisha nikamtaja na mdogo wangu. Rukia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Mama mkubwa," akauliza mbele ya wote, "siku ile nilipokubusu... ulikuwa unajua?"

Nikampokea lile sinia.

Siku hizi chanjo ya shule ikikaribia, nafuatana na yule mwalimu nyumba kwa nyumba. Wako wanaonifungia mlango, wako wanaonisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu wanajua mikono yangu imewagusa kina nani. Rukia mzima wa afya. Huenda maradhi yale yasimguse kamwe, Mungu ndiye ajuaye, na akikua nitamhimiza apimwe. Lakini kila akishika tumbo lake likimuuma, roho yangu huruka!

Kina mama wenzangu, nawasihi... wasiwasi wenu wapelekeeni wahudumu, msiukabidhi uvumi wa barazani. Na mwenye siri kama yangu aiseme mtoto angali mdogo. Maiti amekwisha kusitirika, aliye hai ndiye anayetuhitaji.

Rukia hana kinyongo nami. Kila asubuhi hunipa shikamoo yangu, akaenda zake shule. Ila hajanibusu tena.