Nipime Mimi Kwanza

Siku ya mnada Katesh haina ustaarabu. Ng'ombe wanakanyaga watu, watu wanakanyagana wenyewe, na vumbi la chini ya Mlima Hanang linaingia mpaka kwenye meno. Zita alikuwa ameinamia turubai la vitenge, anapapasa kimoja cha njano chenye ndege wa bluu, aliposikia kelele: "Dada, toka! Toka hapo!"

Mtamba mwekundu alikuwa anamjia mbio, kamba inaburuta. Zita hakukimbia. Hofu ikimshika humgandisha miguu, ndivyo alivyo tangu utoto. Mkono mrefu ukamdaka mtamba puani, mwingine ukamsukuma Zita pembeni, na vitenge vya watu vikapigwa kwato.

"Sasa wewe ulikuwa unangoja akuamkie?"

Aliyeuliza alivaa koti la kaki lililopauka, mabuti ya mpira, na kofia ya sufu iliyokaa upande. Macho yake yalikuwa ya kucheka.

"Ng'ombe wako hana adabu," Zita alisema, moyo bado unamwenda mbio.

"Si wangu. Mimi ni bwana mifugo, nilikuwa namchoma sindano."

"Basi hana kosa. Hata mimi ningekimbia."

"Ungekimbia wapi, na miguu yenyewe imegoma?" Akainua kile kitenge cha ndege, akakikung'uta. "Naitwa Baltazar. Hiki kimeharibika kwa sababu yangu. Nipe namba yako, nikutafutie kingine."

Kitenge kingine hakikupatikana mpaka leo, lakini namba ilitumika. Zita alikuwa fundi cherehani wa Dongobesh, na wateja wake walizoea kumwona anapiga pindo huku simu kaibana kwa bega.

"Umekula, mama?"

"Nimekula kiporo."

"Mke wa bwana mifugo anakula kiporo?"

"Mke wa nani? Nani amekuja kwetu Nambis kuuliza?"

"Nakuja. Natafuta tu shati lisilonuka ng'ombe."

"Basi hutakuja kamwe."

Wakapendana hivyo, kwa utani na kwa nauli, hadi mimba ikakaa. Baltazar alipoambiwa alicheka kwenye simu kwa sauti kubwa hivi kwamba Zita aliisogeza mbali na sikio. Kisha akasema neno lililoharibu siku yote: "Kesho twende kliniki ukapimwe damu."

Hapa lazima niseme habari za Eva. Eva alikuwa dada yake Zita. Mimba yake ilipokomaa alikwenda hospitali moja ya mbali kwa miguu yake mwenyewe, anacheka. Wakamtoa damu, wakampiga picha ya tumbo, wakamwambia angoje kidogo. Kule kungoja kidogo kuliishia chumba cha upasuaji, na Eva akarudi Nambis ndani ya sanduku, mtoto wake kifuani. Ilikuwaje? Zita hakuwahi kujua. Kwao kifo cha uzazi hakisimuliwi mbele ya msichana ambaye hajazaa; ukikitaja, unakiita. Wazee wakafunga midomo, na kile ambacho hakikusemwa kikajaa kichwani mwake kwa namna yake. Kwa Zita sindano ya kliniki ilikuwa mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na kisu.

"Siendi," alimwambia Baltazar, walipokaa dukani kwake kati ya magauni ya sare. "Nitatafuta mkunga wa kunizalisha kwa njia ya kawaida. Vipimo sitaki."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Wewe umezoea kupima ng'ombe na kuwatia namba masikioni. Mimi si ng'ombe."

Baltazar alikuwa amekunja kofia yake mikononi, anaikamua kama nguo iliyolowa. "Zita, unaficha nini?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Zita akasimama, futi ya kupimia nguo ikaning'inia shingoni. "Ahaa! Unadhani nimekuletea ugonjwa. Au mtoto si wako?"

Baltazar akafungua mdomo, akaufunga. Zita akakisoma kimya kile alivyotaka yeye. "Toka dukani kwangu," alisema, na Baltazar alipotoka, Zita akalia mpaka asiuone uzi wa cherehani.

Simu zikakatika. Tumbo halikujali ugomvi, likaendelea kukua, na hofu ikakua nalo. Aliamka akijishika kiuno kama anayehakikisha bado yupo. Nesi mmoja alimfokea mbele ya foleni nzima kwamba asiyetaka vipimo akazalie porini. Mkunga wa jadi aliyetajiwa, naye akamwambia atamnywesha dawa ya kusukuma mtoto mapema, na Zita akaaga hata kabla ya kukaa.

Ndipo mteja mmoja akamnong'oneza jina la Mama Farida. Alikuwa mkunga mwenye cheti, aliyefanya kazi wodini miaka mingi kabla ya kufungua nyumba ndogo ya kujifungulia nyuma ya maduka ya Dongobesh, kwa vibali vyote. Kwake, walisema, unatembea, unachuchumaa, unakunywa uji, unapiga kelele unavyotaka, na hakuna anayekuongezea njia kwa wembe bila sababu. Sharti lake ni moja: siku ya kwanza uje na mwenza wako.

Mwenza! Zita alikaa mbele ya cherehani akifikiri, akamkodolea macho Joakimu, dereva wa bodaboda aliyeegesha mlangoni. Wengine walishafanya hivyo. Mume wa kuazima si kitu kipya kliniki.

"Shikamoo, mama," wakasema wote wawili mlangoni kwa mkunga.

"Marahaba." Mama Farida alikuwa mnene, wa kutembea taratibu, kajitanda ushungi mweupe. "Huyu ndiye mume?"

"Ndiye mimi," Joakimu akajibu haraka mno.

"Hongera, baba. Mkeo anapenda kula nini siku hizi?"

Joakimu akaangalia dari. "Nyama ya mbuzi. Anaimaliza mwenyewe."

Zita, ambaye harufu ya nyama tu ilikuwa inamtapisha, akajiziba mdomo.

"Vizuri. Haya, kunja mkono wa koti, mnapimwa pamoja."

Joakimu akakumbuka ghafla kwamba pikipiki ameiacha na ufunguo. Wakaisikia inawaka, wakaisikia inapotelea upande wa sokoni. Mama Farida akacheka mpaka ushungi ukamlegea, kisha akavuta kiti karibu.

"Mwenyewe yuko wapi, mwanangu?"

"Tumekosana."

"Na vipimo?"

"Sitaki, mama. Nikikataa utanifukuza?"

"Mwili ni wako, sikushiki kwa nguvu. Na kuzaa unavyotaka nitakusaidia. Ila nami nikwambie langu: nikiingia nawe leba bila kujua lolote la damu yako, tutakuwa waoga wawili chumba kimoja. Wewe unaogopa nini hasa?"

Zita akamsimulia habari ya Eva. Alikuwa hajawahi kuitoa mdomoni, na ilitoka vipande vipande.

"Labda Eva alihitaji kisu na kikachelewa," Mama Farida alisema. "Labda hakukihitaji. Sikuwepo, siwezi kukudanganya."

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Wote walisema ni Mungu, au ni madaktari, wakageukia mambo mengine. Zita akalia kwa sauti, na Mama Farida akamwacha alie.

Jioni hiyohiyo simu ikaita.

"Hongera ya ndoa," Baltazar alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Joakimu anatamba kijiweni, habari zimefika mpaka Katesh. Kama ndiye, niambie tu nijue."

Zita angeweza kukata. Zamani angekata. "Nilimwazima, Balta. Na alikimbia. Mimi naogopa. Naogopa kufa."

Upande wa pili ng'ombe walilia.

"Nakuja," Baltazar akasema.

Alifika asubuhi kwa Mama Farida, alikoelekezwa na Zita, nyusi nyekundu kwa vumbi, shati jeupe ambalo kweli halikunuka ng'ombe. Hakukaa alipokaribishwa.

"Mama yangu alimzaa mdogo wangu nyumbani, Yaeda Chini," alianza, macho yake yakiwa sakafuni. "Mvua ilikata njia. Damu haikusimama. Nilikuwa hapo mlangoni, Zita, nikaiona inapita chini ya mlango. Kwetu nilikatazwa kumtajia mwanamke mwenye mimba kifo kile. Wanasema unamwitia."

"Na kwetu wanasema hivyohivyo," Zita akanong'ona.

"Siku ile nilitaka kundi la damu tu. Nijue kama yangu inakufaa, nikae karibu. Sikuweza kukwambia kwa nini, nikasema upumbavu. Nisamehe."

"Ulisema naficha."

"Tulikuwa tunaficha wote."

Zita alimtazama mtu huyu mrefu ambaye alimdhania mambo. Mapenzi yalimrudia yote kwa mkupuo, pamoja na huruma.

Baltazar akakunja mkono wa shati. "Nipime mimi kwanza."

Basi yule aliyechoma sindano nusu ya ng'ombe wa Hanang akageuza uso ukutani, akafumba macho, jasho likamtoka puani kabla hata hajaguswa.

"Mtamba alikuwa na nafuu!" Zita akapasuka kicheko. Kisha akanyoosha mkono wake, akiwa bado anacheka, na machozi yanamtoka. "Kundi la damu, wingi wake, na presha. Mengine usiniguse mpaka umenieleza kimoja kimoja, nami nikubali."

"Nitakueleza," Mama Farida akajibu.

Damu zao hazikupatana. Baltazar alipoambiwa alikaa chini kama aliyepigwa.

"Usife moyo, baba," Mama Farida akasema. "Watafute ndugu zake."

Ndivyo ilivyotokea posa ya ajabu kuliko zote Nambis. Kijana alifika kwa Mzee Qamara, baba yake Zita, na asali na mbuzi, na kabla ya kumwomba binti akamwomba damu. Akataja jina la Eva mbele ya wote, wasichana wakiwemo. Mama mzazi alifunika uso kwa khanga. Mzee Qamara akamwita mwanawe Clement, akamwambia ajiandae, waende wao wawili kupimwa.

Uchungu ulimwanza Zita alfajiri ya baridi. Alitembea uani kwa Mama Farida akivuta koti la kaki la Baltazar, akachuchumaa, akapiga kelele, akatukana. Nje ya uzio gari la kuazima lilikuwa limeelekezwa barabarani, na Mzee Qamara na Clement, ambao damu zao zilipatana na ya Zita, wamejifunika mashuka ndani yake.

"Balta, nakufa!"

"Hufi. Nishike shingo."

"Umejuaje?"

"Sijui. Naogopa kama wewe. Nishike tu."

Jua lilipopanda, mtoto wa kike alitoka akilia. Hakuna aliyeshangilia. Kondo la nyuma lilishuka, na damu ikaja baada yake, nyingi. Mama Farida akachoma sindano, akaukandamiza mfuko wa uzazi kwa kiganja, uso wake hausemi kitu. Zita alisikia masikio yanavuma. Akamwona Baltazar ameyakazia macho matambara, midomo yake inakwenda bila sauti.

"Mama," Zita akasema, "kama ni hospitali, tuondoke. Kama ni kisu, wanikate. Nataka kumlea huyu."

"Tulia. Nikisema twende, tutakwenda." Kiganja kilikandamiza, kikangoja, kikakandamiza tena. Tambara moja likabadilishwa, kisha jingine, na lile la tatu halikulowa sana. Mama Farida akalitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Imekata."

Baltazar akateleza ukutani mpaka sakafuni, akalia kama mtoto wa shule, yeye ambaye Yaeda Chini hawakumruhusu kulia. Nje, Mzee Qamara aliposikia, aligonga dirisha. "Zita? Ni wewe unayeongea? Ongea tena, baba yako akusikie."

"Ni mimi, baba," alisema Zita. "Nipo."