Upepo wa Tairi za Nyuma

Mshale wa spidi ulipita mia na sitini, na Mfadhili bado alikuwa anakanyaga mafuta.

"Andika hiyo," alisema. "Andika kwamba hii TRX yangu nyeupe haina mpinzani."

Ganzi aliandika. Mbele ya watu kazi yake ilikuwa kuandika habari za magari kwenye jarida, na aliifanya vizuri kiasi kwamba hata mkewe aliingia kaburini akiamini hana nyingine. Jina la Ganzi alipewa na wenzake wa kazi ya pili, ile ya siri, siku alipotoka mazishini akapitia ofisini kuuliza kama kuna faili jipya. Mwaka ulikuwa umepita. Bado alikuwa hasikii kitu.

Mbele yao, kwenye uwanda wa changarawe, Raptor nyekundu ilikuwa inatimua vumbi. Ndani yake alikuwa Tope, dereva wa mashindano. Shemeji yake. Mdogo wa marehemu, na mtoto pekee aliyebaki kwa mama yao.

Pikapu mbili, moja nyekundu, moja nyeupe. Jaribio lilikuwa la siku moja: lami, changarawe, mchanga, kisha kuvuka mto mkavu na kumalizia nchi ya pili. Mfadhili, mgeni mwenye kampuni ya kuuza magari, ndiye aliyeandaa kila kitu, hadi vibali vya mpakani vyenye sahihi ya waziri. Magari ya jaribio yasipekuliwe.

Simu ikatetemeka.

"Shangazi hapa. Umeshachagua gari la kununua?"

Shangazi alikuwa mkuu wa idara ya ujasusi, bosi wa ile kazi ya pili. Swali lake lilimaanisha: tafuta mahali, unipigie.

"Bado, shangazi. Nikishuka nitakwambia."

Walisimama kituo cha mwisho cha mafuta, pale mchanga unapoanza. Ganzi akazunguka nyuma ya choo.

"Sema."

"Makombora manne ya kubeba begani. Yamefunguliwa vipande vipande na kufichwa kwenye mojawapo ya hizo pikapu. Ng'ambo ya mto kuna watu wanayasubiri. Leo jioni wataitungua ndege ya abiria."

"Ni pikapu ipi?"

"Hilo ndilo nakuuliza wewe. Huko mchangani hakuna gari la polisi litakalowafikia. Nina helikopta moja na mpigaji mmoja. Nitajie rangi. Usipotaja kabla ya mto, anapiga zote mbili."

"Kwenye nyekundu yuko shemeji yangu."

"Najua. Pole."

"Asante."

Akakata simu, akajisikiliza kama moyo unakwenda mbio. Ulikuwa unadunda polepole, kama wa mtu anayesubiri foleni ya benki.

Alirudi akayatazama magari. Yote yalisimama sawasawa, mkia haukulala popote. Aliyeficha mzigo alikuwa fundi wa kweli: alibadilisha springi na shokapu ili uzito usijulikane. Nyeupe ilikuwa na injini ya V8 inayounguruma hadi meno yakagongana. Nyekundu ilikuwa nyepesi kwenye usukani, na asubuhi iliruka matuta vizuri. Ukiulizwa lipi bora, ungeweza kubishana mpaka koo likauke. Ukiulizwa lipi lina kombora, hakuna jarida lililowahi kuandika.

Kisha madereva wakaanza kupunguza upepo.

Kila mtu wa mchangani, bingwa kwa mbabaishaji, hupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia. Tairi laini hutanuka na kutembea juu ya mchanga. Tairi ngumu huchimba. Mfadhili alipunguza zote nne. Tope alipunguza mbili za mbele, akatia geji ya kupimia upepo mfukoni, akaenda kunywa maji.

Ganzi akachuchumaa kando ya nyekundu na geji yake mwenyewe. Za mbele zilikuwa laini. Za nyuma zilikuwa ngumu kama jiwe.

"Shem," aliita. "Za nyuma umezisahau."

Tope hakugeuka. "Sijasahau. Napenda nyuma iwe ngumu. Inanisaidia kwenye kona."

"Mchangani kuna kona?"

"We andika unavyoona, shem. Niache nifanye kazi."

Mtu aliyelelewa na mchanga hasemi maneno hayo hata usingizini. Tairi hazipunguzwi upepo kama zimebeba mzigo mzito, maana rimu itazikata. Waliouficha walikumbuka springi, wakakumbuka shokapu, lakini mkono wa dereva ukafuata mazoea. Na mkono ule ulijua kilichokuwa nyuma. Kumbe Tope alikuwa anajua.

Ganzi alisubiri jambo hilo limuume. Halikumuuma, na hilo lilimsikitisha kidogo.

"Kipande hiki nakaa na wewe," alisema. "Nyeupe nimeshaielewa."

Tope akamtazama Mfadhili. Mfadhili akatabasamu. Mwandishi ndani ya gari ni kinga nzuri kuliko kibali. "Mpe lifti shemeji yako," alisema.

Wakaingia mchangani, nyeupe ikitangulia. Ganzi akaipiga namba ya Shangazi, akachomeka kidude cha kusikilizia sikioni, kisha akaanza kuongea kama anayejirekodi.

"Maoni ya mwandishi. Nyekundu. Nyuma nzito. Narudia, nyekundu. Mwandishi yumo ndani."

"Shuka," sauti ilisema sikioni.

"Mwandishi anaomba nafasi hadi kilima cha mwisho."

"Usinifanyie ujinga. Baada ya kilima natoa amri, uwemo usiwemo."

"Mwandishi ameelewa."

"Unaongea na nani?" Tope aliuliza.

"Na wasomaji."

Kilima kikaja. Kirefu, mchanga laini kama unga. Tope akakanyaga mafuta kukipanda. Swichi ya kugawa nguvu kwenye magurudumu ilikuwa kati yao, na ilikuwa kwenye manne.

Ganzi akaiweka kwenye mawili.

Nguvu yote ikaenda nyuma, kwenye tairi ngumu na uzito usiokuwa kwenye maelezo ya kiwanda. Tairi zikachimba. Pikapu ikazama hadi tumboni.

Kidole chake kikazima injini. Mkono mwingine ukatoa bastola.

"Mikono kwenye usukani, shem."

Juu ya kilima, nyeupe ikageuza. Mfadhili akashuka, na hakushika kamba ya kuvutia gari. Alishika bunduki.

Ganzi akafungua mlango, akapiga risasi moja. Ikampata Mfadhili begani. Bunduki ikatelezea mchangani, na helikopta ikatokea nyuma ya kilima.

"Usipige," alimwambia Shangazi. "Imekwisha."

Walioshuka kwenye helikopta walimfunga Tope pingu akiwa ameegemea boneti. Vumbi lilikuwa limemjaa usoni.

"Waliniambia ni vipuri."

"Ulijua si vipuri."

"Sikuuliza." Akainua uso. "Dada angekuwa hai, ungenifanyia hivi?"

Ganzi alifikiri. Swali lilistahili jibu la kweli.

"Angekuwa hai nisingepanda gari lako. Ningeogopa kufa. Wangekupiga kutoka juu."

Tope akaanza kulia. Wakampandisha helikopta pamoja na Mfadhili; wawili wakabaki kulinda makombora.

Simu ikaita. Haikuwa Shangazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mdogo wako simpati kwenye simu. Wameshafika?"

"Hawajafika. Gari limekwama mchangani."

"Ameumia?"

"Hajaumia, mama. Ni mzima kabisa."

"Basi mimi sina haja ya ushindi. Mwambie apite hapa hata akichelewa. Sifungi mlango mpaka aje."

Helikopta ilikuwa inapaa. Aliitazama hadi ikawa nukta. Alijua huyu mama angekaa sebuleni macho kwenye mlango, leo, kesho, na miaka mingi.

"Mama."

"Naam."

"Funga tu mlango. Nakuja mimi."

Hakusubiri aulizwe kwa nini. Akapanda pikapu nyeupe, akaiwasha, akaelekea kwa mama mkwe.