Geti Lililoachwa Wazi Alfajiri

Kacha.

Kila siku kabla ya alfajiri, komeo la geti lilisema hivyo. Kacha. Kisha zikafuata kucha za mbwa juu ya saruji, chakacha, chakacha. Kisha kimya.

Fundi alizisikia sauti hizo akiwa bado kitandani. Yeye alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Fundi. Mumewe alikuwa mwokaji, na mikate haimngojei mtu aamke. Fundi alijua kwamba mumewe ameondoka na baiskeli. Alijua pia kwamba mbwa wao wawili wametoka nyuma yake, na geti limeachwa wazi ili waweze kurudi.

"Wakanyooshe miguu," Mwokaji alikuwa akisema. "Mbwa si kabati la kusimama ukutani."

Mbwa wenyewe walikuwa Soksi na Gunia. Soksi alikuwa jike mweusi, mwembamba, mwenye miguu minne myeupe. Gunia alikuwa dume mnene. Alipolala, ulidhani mtu ameshusha gunia la unga mlangoni.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani. Baada ya ukuta wao kulikuwa na mtaro. Baada ya mtaro, kiwanja cha majani. Baada ya kiwanja, seng'enge. Nyuma ya seng'enge ndipo lilipoanza pori la uwindaji. Watu wenye vibali waliwinda humo kwa msimu wake. Wengine hawakuruhusiwa kuingia. Lakini nani angewaambia mbwa?

Ndani ya nyumba hiyo aliishi pia Bibi, mama yake Mwokaji. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia. Aliona mwanga na kivuli tu. Soksi alilijua jambo hilo. Bibi akiinuka, naye huinuka. Bibi akienda bombani, Soksi hutangulia polepole, ubavu wake ukigusa goti la Bibi. Penye ngazi husimama, ili Bibi naye asimame. Hakuna aliyemfundisha.

Bibi alimlipa kwa vipande vya mkate mkavu. Alivitunza katika mkebe wa majani ya chai. Akigonga kifuniko, ti-ti-ti, Soksi huja mbio hata akiwa mwisho wa mtaa.

"Macho yangu yana miguu minne," Bibi alipenda kusema. "Tena yanakula mkate kuliko mimi."

Siku moja mbwa walirudi jua likiwa limepanda. Fundi alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Gunia alijitupa kivulini. Soksi alikuja akichechemea. Bega lake lilikuwa limechanika, na mdomoni alikuwa na manyoya ya rangi ya udongo.

"Umetoka wapi wewe?" Fundi aliuliza. Akachemsha maji, akatia chumvi, akamwosha jeraha.

Mchana Mwokaji alirudi. Aliyatazama yale manyoya.

"Hiyo ni njaa," alisema. "Mbwa aliyeshiba hakimbizi kitu."

Basi jioni ile aliwalowekea mkate wa jana kwenye mchuzi. Mbwa walikula mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Kesho yake alfajiri, kacha, wakaondoka tena. Mbio zao zilikuwa kali zaidi, maana sasa walikuwa na nguvu.

Mwokaji akabadili dawa. Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaketi getini na kandambili mkononi. Soksi alikuja akitikisa mkia. Akachapwa. Gunia akafuata. Naye akachapwa.

"Sasa wamejifunza," alisema Mwokaji.

Ni kweli, walikuwa wamejifunza. Asubuhi ya pili hawakurudi. Gunia alitokea peke yake karibu na adhuhuri, akijikokota kando ya ukuta, jicho moja kwenye kandambili. Soksi hakuonekana.

Bibi aligonga mkebe. Ti-ti-ti. Akangoja. Akagonga tena. Mwishowe akaenda bombani peke yake, akaikosa ngazi, akaanguka kwa magoti.

Fundi aliacha cherehani, akakimbia.

"Umeumia, mama?"

"Mifupa ipo," Bibi alisema. "Lakini nitafutie Soksi, mwanangu. Bila yeye mimi ni wa kukaa kitini tu."

Fundi alikuwa bado anampangusa vumbi mtu alipobisha hodi. Alikuwa Mama Buti, mlinzi wa lile pori. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaa kwa sababu ya mabuti yake makubwa ya mpira, na yeye hakulikataa. Bunduki ilikuwa begani.

"Shoga," alisema, "una mbwa mweusi, miguu myeupe?"

Fundi aliitazama bunduki. "Umemuua?"

"Sijamuua. Kanuni ya pori inaniruhusu, mbwa akikutwa anakimbiza wanyama. Nilishainua bunduki. Kisha nikakumbuka nimemwona akimwongoza mama mzee bombani. Nikaishusha." Alivuta pumzi. "Lakini walinzi tuko wengi, na zamu inabadilika saa kumi. Twende sasa hivi."

"Chukueni mkebe," Bibi alisema, akaunyoosha mbele yake, hewani. Mama Buti aliupokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kitu mtu aliyelelewa vizuri.

Walivuka mtaro na kiwanja, wakaingia kwa mlango wa walinzi. Njiani Mama Buti alionyesha seng'enge moja iliyolegea. Manyoya yalikuwa yamenasa juu yake.

"Kulungu aliruka hapa akiwa na hofu. Mwezi uliopita mmoja alinasa na kuvunjika mguu. Ilibidi nimmalize mwenyewe."

"Lakini Soksi hajawahi kuleta nyama nyumbani," Fundi alisema.

"Hahitaji kuleta nyama. Mbwa wa nyumbani hakimbizi kwa sababu ya njaa. Anakimbiza kwa sababu kitu kimekimbia. Mbio zenyewe ndizo utamu wake. Ukimshibisha, umemtia mafuta tu."

Fundi akakumbuka mkate na mchuzi.

"Na kulungu hafi kwa meno peke yake," Mama Buti aliendelea. "Anakimbizwa mpaka mwili unashindwa. Mwenye mimba huiharibu. Mwenye mtoto humwacha, na mtoto hufa kwa njaa. Usicheke nikikwambia, lakini mbwa wawili pamoja ni wabaya kuliko mmoja mara mbili. Mmoja huanza, mwingine humchochea."

"Kama watoto wa mtaa."

"Kama wajomba zangu harusini."

Fundi akacheka bila kutaka.

Walisikia kubweka. Walimkuta Soksi ukingoni mwa kidimbwi, sauti imemkauka. Kulungu jike alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kifuani. Tumbo lake lilikuwa kubwa. Mdomo wake ulikuwa wazi, na mabega yalitetemeka.

Fundi alitaka kupiga kelele. Mama Buti alimshika mkono.

"Usimpigie kelele. Atadhani nawe umekuja kumsaidia kuwinda. Gonga mkebe, kisha geuka kama unaondoka."

Ti-ti-ti.

Soksi hakugeuka. Fundi akagonga tena. Sikio moja likasogea. Mara ya tatu, Soksi alimtazama kulungu, akautazama mkebe, akamtazama tena kulungu. Kisha akaja. Alikuja kwa tumbo, mkia katikati ya miguu, akisubiri kuchapwa.

Fundi aliinua mkono. Alikuwa ameogopa sana, na hofu ikiisha hutafuta pa kutokea.

"Shusha mkono, shoga," Mama Buti alisema kwa upole. "Ukimpiga sasa, unampigia nini? Kukimbiza amekwisha kusahau. Anachokijua ni kwamba amekuja kwako. Ukimchapa kwa kuja, kesho haji."

Fundi akashusha mkono. Akafungua mkebe, akampa kipande cha mkate, kisha kingine. Mama Buti alifungua mkanda wa bunduki yake, akamfunga Soksi shingoni.

"Na yule?" Fundi aliuliza, akimwonyesha kulungu.

"Tumwache. Tukimsogelea tutamaliza kazi ya mbwa. Ajipumzikie. Labda atapona."

Waliondoka bila kutazama nyuma.

Mwokaji aliwakuta sebuleni, wanakunywa chai. Soksi alikuwa amelala juu ya miguu ya Bibi. Mwokaji alisikiliza habari yote. Alikuwa mtu mwema, lakini hakupenda kukosolewa nyumbani kwake.

"Mama Buti, niambie ukweli," alisema. "Wawindaji wanawaua hao hao kulungu. Mbwa wangu akikimbiza mmoja, ndiyo dunia imeharibika?"

"Shemeji, mkate wako unautoa tanurini lini?"

"Ukiiva, bila shaka."

"Mtu akiingia wakati wowote, akafungua mlango wa tanuri, akautupa nje mkate ambao haujaumuka vizuri, je?"

"Nitamfukuza kwa koleo!"

"Basi. Mwindaji mwenye kibali ana msimu wake. Hagusi jike mwenye mimba. Anajua wanyama wangapi wanaweza kuondoka bila pori kuwa tupu. Mbwa hajui msimu. Anafungua tanuri saa yoyote."

Mwokaji alijikuna kidevu. "Hawa ni wakubwa tayari. Samaki mkunje angali mbichi."

"Mbwa si samaki, shemeji. Hukunjika hata uzeeni, ukiwa na mkate. Na wewe mkate unao."

Bibi aliangua kicheko. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, leo nimeanguka. Sikuambii ili nikulaumu. Lakini hilo geti unalifungua wewe."

Mwokaji aliinama, akayatazama magoti ya mama yake. Kisha akatoka kwenda uani. Baadaye walimsikia akigonga nyundo.

Alikuwa amekata mpira wa ndani wa tairi kuukuu la baiskeli. Aliufunga upande mmoja kwenye nguzo, upande wa pili kwenye geti. Sasa geti likifunguliwa, mpira ulilivuta, likajifunga lenyewe.

Fundi naye alifanya la kwake. Alishona mikanda miwili ya shingo kwa kitambaa chekundu, ili mlinzi aione kwa mbali. Ndani ya kila mkanda alidarizi namba ya simu. Alishona pia kamba ndefu kwa utepe mgumu wa kushikia mabegi. Kisha aliwapeleka mbwa kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, maana Mama Buti alisema mbwa anayekutana na wanyama wa porini hukutana na mengi.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Soksi alilia getini. Akachimba chini yake, na Mwokaji akalaza mawe. Matembezi sasa yalikuwa ya jioni, mbwa mmoja mmoja, kwa kamba. Siku ya kwanza Gunia alimwona paka, na Mwokaji akaishia mtaroni.

"Ulikuwa unamtembeza au anakutembeza?" jirani aliuliza kutoka dirishani.

"Tunapokezana," Mwokaji alijibu, akitoa tope sikioni.

Mama Buti alikuwa akipita baada ya zamu. Aliwafundisha kumwita mbwa akiwa karibu kwanza, kisha mbali kidogo, kamba ikiwa bado ipo. Kila akija, apewe kitu na asifiwe. Asipokuja, avutwe taratibu, bila hasira. Na kandambili? Bibi aliiomba, akaiweka chini ya mkebe wake. Haikuonekana tena.

Polepole mbwa waliacha kulia. Asubuhi komeo lilisema kacha, na mara moja ikafuata sauti nyingine, pap, geti likijifunga. Kisha kucha zikarudi juu ya saruji, chakacha, chakacha, mpaka kando ya kitanda cha Bibi. Fundi akizisikia, alijigeuza akalala tena.

Jioni moja Mama Buti alikuja na kusema, "Leo twende wote mpaka kwenye seng'enge. Bibi pia."

Walikwenda mwendo wa Bibi. Soksi alitangulia, ubavu wake ukigusa goti lake, kamba mkononi mwa Fundi. Penye seng'enge walisimama. Ng'ambo ya pili, kati ya majani marefu, kitu kilisogea.

Soksi alikakamaa. Mwili wake wote ulitetemeka. Kamba ikanyooka.

Ti-ti-ti, Bibi aligonga kifuniko.

Soksi alitazama porini. Akautazama mkebe. Akaketi.

"Aa!" Mwokaji alinong'ona, kama mtu aliyefunga goli kanisani.

"Niambieni, kuna nini?" Bibi aliuliza.

Fundi alimshika mkono. "Kulungu jike, mama. Ana kovu kwenye paja. Nyuma yake kuna mtoto, mdogo kama mbuzi aliyezaliwa juzi. Madoa meupe mgongoni. Anajaribu kunyonya, na mama yake anasogea, naye anafuata."

"Ni yule wa kidimbwini?"

"Ndiye," alisema Mama Buti. "Seng'enge ilimchana siku ile. Kovu nalijua."

Bibi alisimama, uso wake umeelekea porini, kama anayeona. Kisha akatoa kipande kikubwa kuliko vyote mkebeni, akampa Soksi.

Waliporudi getini, giza lilikuwa linakaribia, na Mama Buti alitaka kwenda zake. Bibi alimtafuta mkono, akaupata.

"Uje tena, mwanangu," alisema. "Usingoje mpaka mbwa wakosee."