Jina Alilolichapa Mbugua

Orodha ilikuwa na mstari mmoja zaidi. Mbugua aliuona mara moja, maana orodha hiyo ya vifaa vya kuwashia kompyuta alikuwa ameizoea kwa miaka kumi na miwili ya kazi: diski ya ndani juu, flashi chini yake. Hapa palikuwa na diski, na chini yake kifaa kisicho na jina. Flashi yake bado ilikuwa mfukoni.

"Kuna kitu umechomeka huku nyuma, madam?" aliuliza.

"Hakuna, fundi. Si uangalie tu."

Aliangalia. Hapakuwa na kitu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika shule ya wasichana nje kidogo ya Kimilili. Mbugua alikuwa ametoka Kitale kuja kuweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta kumi na mbili bila kufuta Windows iliyokuwamo, ili wanafunzi wajifunze zote mbili. Mwalimu Wilkista, mwenye somo la kompyuta, aliketi karibu akisahihisha madaftari. Mashine kumi na moja zilikuwa zimekubali. Ya tisa ilikuwa imekataa asubuhi, akairuka, na sasa alikuwa ameirudia.

"Hiyo ndio inaletanga shida," Wilkista alisema bila kuinua macho. "Wasichana hawataki kuketi hapo. Ati inanuka."

Kweli ilinuka. Mbugua alidhani ni vumbi lililopata joto, lakini alipoinama kuchomeka flashi alisikia harufu ya udongo wenye maji, kama wa shimo lililochimbwa asubuhi hiyo hiyo.

Akaichagua flashi. Skrini ikawa nyeusi, kisha ikamrudisha kwenye orodha. Akabadilisha tundu. Akazima kinga inayozuia mashine kuwaka na mfumo isioujua. Akaiandika flashi upya kwenye laptopu yake, kwanza kwa mtindo wa zamani wa kuwasha, kisha kwa ule mpya. Akajaribu flashi ya pili. Kila mara alirudishwa palepale, flashi haionekani tena, na kile kifaa kisicho na jina kilikuwa kimepanda. Sasa kilikaa juu ya diski.

"Wachana nayo, fundi. Kumi na moja zinatosha."

"Haiwezi nishinda, madam. Ni mashine tu."

Akauchagua ule mstari.

Usakinishaji ukaanza vizuri kama mahali pengine popote. Mbugua akacheka kwa pumzi. "Si unaona? Ilikuwa inasoma flashi na jina ingine."

Mashine iliuliza kama mfumo mpya ukae kando ya ule uliopo. Akabonyeza ndiyo. Ikauliza kama ana hakika. Ndiyo. Ikauliza tena, kwamba jambo hili halirudishwi nyuma, je, iendelee? Ndiyo, alibonyeza, huku akipangusa jasho. Baadaye sana ndipo alipokumbuka kwamba maswali yale yalikuwa ya Kiswahili, na yeye hakuwa amechagua lugha yoyote.

Kisha ikataka jina la mtumiaji. Kwenye kila mashine Mbugua alizoea kuandika jina la binti yake wa miaka tisa, akalibadilisha kabla ya kumkabidhi mwenye mashine. Lilimfurahisha tu kuliona. Akachapa: ciru.

Feni ikanguruma, ikatulia. Ndani ya mashine kukatoka sauti kama ya mtu anayemeza mate. Mbugua akanyoosha mkono kuchomoa flashi, akapapasa tundu, akalikuta tupu. Flashi zote mbili zilikuwa mezani kando ya daftari la Wilkista, na hakujua zimekuwa hapo tangu saa ngapi.

Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, Bilha.

"Baba Ciru, mtoto ameanguka," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa chumba cha pili. "Alikuwa anaosha vyombo. Macho iko wazi lakini hanioni."

Alipofika Kitale jioni alimkuta Ciru ameketi kwenye kiti, mikono juu ya magoti, nywele zimechanwa. Nyumba nzima ilinuka udongo.

"Shikamoo, mzee," Ciru alisema.

Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusalimiana hivyo.

Siku ya pili walimwita Mama Phelista, mwombeaji kutoka eneo la Kwanza ambaye watu walimjua kwa kutoa majini. Akamwekea mtoto mkono kichwani, akaomba kwa muda mrefu, akaamuru kilichoingia kitoke. Kilichomjibu kilitumia sauti ya Ciru, bila hasira hata kidogo.

"Sikuingia kwa nguvu, mama. Nilimuuliza huyu mara tatu, akasema ndiyo mara tatu. Jina akanipa mwenyewe."

Mama Phelista akauondoa mkono taratibu. "Baba Ciru," akanong'ona, "ulimwambia nani ndiyo?"

Mbugua alipomweleza, Mama Phelista alifunga Biblia yake. "Mimi natoa mwizi," alisema. "Mgeni wa kukaribishwa sijui kumtoa." Hakukubali hata chai.

Jumatatu Mbugua alirudi shuleni kufuta ile diski yote, Windows, Linux na chochote kingine. Wilkista akafunga mlango wa maabara, akamshikia simu iliyokuwa wazi kwa Bilha. Safari hii flashi iliwaka mara ya kwanza, bila ubishi, na hilo lilimtia hofu kuliko kukataa kwake kote. Akaanzisha kufuta. Asilimia mbili. Asilimia tano.

"Analia," Bilha alisema. "Baba Ciru, ni yeye! Ni sauti yake! Ameniita mami!"

Mbugua akashika ukingo wa meza, akaiangalia namba ikipanda, saba, nane, akisikia kutoka kwenye simu kilio alichokijua tangu siku mtoto huyo alipozaliwa, na machozi yakamtoka kwa furaha, hata namba ikafika kumi na kilio kikabadilika, kikawa cha mtoto aliyepotea sokoni, na juu yake ikapanda sauti ya Bilha akipiga kelele kwamba asimamishe, asimamishe, mtoto ameuliza huyu mama ni nani, ameuliza hii nyumba ni ya nani, "ni yeye anafutika, si hiyo kitu, hiyo kitu inacheka, Baba Ciru, zima!"

Aling'oa waya ukutani. Ilikuwa imefika kumi na moja.

Ile mashine haikuwaka tena, hata alipobadilisha kila kipande kilichobadilika. Kilichofutwa hakikurudi. Ciru hakumjua tena nyanya yake, wala neno moja la Kikuyu, wala kwamba aliwahi kuwa na mbwa. Aliamka, akaenda shule, akapata alama nzuri. Bilha alihamisha kitanda cha mtoto kutoka chumbani mwao, kisha akakirudisha kwa aibu, akawa analala ameupa ukuta uso.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Mbugua akimfunga mtoto kamba za viatu, kidole kidogo kilimgusa sikio kama zamani.

"Baba," Ciru alinong'ona upesi, "ni mimi. Amesema nitakuwa napata Jumapili. Jumapili tu. Usimkasirishe, tafadhali."

Alipoinua kichwa uso ulikuwa umeshatulia.

Jumapili hiyo Ciru mwenyewe alikuja, kwa muda wa saa moja hivi. Alicheka, akalala mapajani mwa mamake. Ya pili alikuja kwa muda wa kunywa chai. Jumapili ya tatu Bilha alianza kupika chapati mapema, hawakuenda kanisani, wakakaa mezani wote wawili wakimtazama usoni. Saa sita ikapita. Saa kumi ikapita. Msichana alimaliza sahani ya pili, akapangusa vidole, akawaangalia kwa upole, akawauliza wanamngoja nani.